Jumapili Aliyokauka Sauti Mjomba

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma.
Jumatatu, 9 Juni.
Asubuhi ya manyunyu. Jua limechungulia saa tatu, likarudi ndani.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Kwanza mkono wako. Uliniandikia kwamba pasi ya mvuke ilikuunguza pale chumba cha kufulia cha hospitali, ukasema ni kidogo tu. Nakujua wewe na "kidogo tu" zako. Lengelenge limekauka? Unakifunga kidonda au unakiacha kipate hewa? Na binti yako, jino la mbele limeota? Nijibu yote, moja moja, maana nimeyaandika kwenye shajara yangu na nitayawekea alama ya vema nikipata majibu.

Sisi huku tunapumua. Goti la Mama linalalamika asubuhi, likipata joto linanyamaza. Mimi mwili hauna neno. Usingizi ndio umenikimbia tangu Jumamosi, na sababu yake ndiyo hii barua.

Kasuku, kuna jambo nimekuficha miaka saba. Nitakwambia kabla sijaibandika bahasha, nimejiapia. Ila njia yake inapitia kwa Mjomba na yaliyotokea kanisani jana, kwa hiyo nivumilie, usiruke kurasa kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule. Ukishalijua, ukiamua kutoniandikia tena, nitaelewa. Sitapenda, lakini nitaelewa.

Unamkumbuka Mjomba alivyokuwa. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyetufundisha baiskeli, mchungaji mzima na tai shingoni, akikimbia nyuma yetu ameshika kiti na kupiga kelele, "Kanyaga, mwanangu, usitazame chini!" Paa la nyumba hii aliliezeka kwa mikono yake. Siandiki haya kumtetea. Jana nilipomtazama niliwaona wote wawili, yule wa baiskeli na huyu wa sasa, nisijue nimlilie yupi.

Huyu wa sasa ni mtu wa majukwaa. Ilianza na lile vuguvugu la Nyumba Safi, makanisa yaungane tupate viongozi wenye maadili. Nani angekataa? Mimi mwenyewe niligawa vipeperushi mpaka viatu vikaachia soli. Kisha vikao vikahamia hotelini. Kisha mstari wa mbele kanisani ukawekewa viti vyenye mito, sisi wengine tukabaki na vya plastiki. Mwisho tukaletewa Mheshimiwa, mgombea. Mheshimiwa huyu ana watoto wawili wa nje ambao akikutana nao njiani atawapisha kama wapita njia. Mjomba alijua. Akatuhubiria huruma mwezi mzima: ni nani asiye na doa, ni nani atashika jiwe la kwanza. Nilikuwa nimekaa na kalamu yangu nikijiuliza huruma yote hii ilikuwa imelala wapi siku mdogo wangu aliposimamishwa mbele.

Mheshimiwa akishinda, Mjomba ameahidiwa kiti kwenye baraza la maadili. Hilo nalo nililijua.

Sasa Kitabu cha Maono. Bado mimi ndiye karani, na kitabu bado ni kilekile chenye jalada la kijani. Kumbuka ni Mjomba mwenyewe aliyekianzisha ujanani, alipochoka na manabii wanaotabiri mambo ya jana. Kila neno la unabii liandikwe siku ileile linaponenwa, tarehe juu, mashahidi wawili chini, ndipo litangazwe. Kila Jumapili ina ukurasa wake. Jumapili isiyo na neno, mimi huandika tarehe tu na kuuacha ukurasa wazi.

Alhamisi, tarehe 5, aliniita ofisini akafunga mlango. Alitaka kitabu kionyeshe kwamba Mungu alimwonyesha Mheshimiwa tangu Machi, kabla hata chama hakijamteua. Akafunua kurasa nyuma, taratibu, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, mpaka akafika 16 Machi. Tupu. "Andika hapa, mwanangu," akasema, akaanza kunisomea. Nikaandika. Sikubishana, Kasuku. Hata wino nilichagua uliopauka kidogo ili ufanane. Wazee wawili wakatia sahihi Ijumaa, mmoja akiwa hajavaa miwani.

Jumamosi jioni nilifungua shajara yangu kutafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na tarehe ile. Nakunakilia kama ilivyo: "Jumapili, 16 Machi. Upepo. Mjomba amekauka sauti, hata 'amina' haitoki. Ibada yote nyimbo. Hakuna neno." Ndiyo maana ukurasa ulikuwa wazi! Kati ya Jumapili zote za mwaka tulichagua ile ambayo nabii alikuwa bubu.

Nikavaa viatu nikaenda kumwambia. Nilimkuta uani kwake na watu wa Mheshimiwa wakipima bango. Akanivuta pembeni, akasikiliza, akacheka kidogo. "Watu hawakumbuki mahubiri ya Jumapili iliyopita," akasema, "sembuse Machi? Nenda kalale." Nikaenda. Kulala ndiko sikulala.

Jana kanisa lilifurika. Mheshimiwa kwenye mto wake, wapiga picha ukutani, na ukurasa wangu ukarushwa kwenye ukuta mweupe kwa projekta. Mwandiko wangu, Kasuku, herufi kubwa kama milango. Nikaitwa niusome. Niliposoma tarehe tu, sauti ikatoka nyuma. Unamkumbuka Bibi wa Viti, yule mama anayepanga viti? Yule yule.

"Mchungaji, samahani. Kumi na sita Machi si ile Jumapili uliyokauka sauti? Si nilikukorogea mwenyewe maji ya chumvi, ukayasukutua hapo mlangoni?"

Hakuwa na nia mbaya. Alidhani anasaidia.

"Eh, kweli!" mwingine akadakia. "Si tuliimba mpaka magoti yakagoma!"

"Labda Mungu alimwandikia ujumbe wa simu," akasema kijana wa ngoma, na kanisa likapasuka kwa kicheko. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka.

Mjomba hakucheka. Alinyanyua mkono, wakanyamaza. Akanigeukia na ile sauti ya upole. "Ni kosa la karani wangu. Amechanganya tarehe. Mwanangu, njoo hapa mbele uliombe kanisa radhi."

Nilipiga hatua kama kumi na nne. Napita spika, napita ule ufa wa sakafu, mpaka pale chini ya taa ambapo na wewe ulisimama. Sijawahi kusimama mahali pale. Mtu akiwa pale haoni sura za watu, taa inampiga machoni. Anasikia tu wanavyopumua. Sikujua. Miaka saba nilidhani ulikuwa ukituona.

Nikashika kipaza sauti. Nilisema, "Sijachanganya tarehe. Nimeandika uongo. Niliandika Alhamisi hii, ofisini, Mchungaji akinisomea, na nilijua."

Mheshimiwa alitazama saa yake, akainuka, na watu wake wakamfuata wakiwa wamekunja bango kwapani. Wengine wakatoka nyuma yao. Wengine walibaki wamekaa, kama abiria ambao gari limewaharibikia. Mama alikuwa mstari wa tatu. Alinitangulia kwenda nyumbani, na mlangoni akasema tu, "Funguo unazo wewe." Lakini chakula alinipakulia, tena kingi.

Nilirudi alasiri kuchukua kitabu. Mjomba alikuwa humo peke yake, koti amelivua, anapanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine. Nikamsaidia. Tulifika kama safu ya nne ndipo akauliza, "Umeanza lini kuniona hivi?"

Nikamjibu, "Tangu Kasuku."

Akakaa. Hapa ndipo njia inapofika, mdogo wangu. Vuta pumzi, na mimi navuta.

Ijumaa, tarehe 20 Julai, mwaka ule, nilikukuta unatapika kwenye karo. Ulinikataza nisiseme. Saa kumi jioni nikaenda kwa Mjomba nikamwambia una mimba. Niliogopa, Kasuku. Nilidhani atazungumza na Mama kwa upole, maana mimi sikujua nianzie wapi. "Niachie mimi," akasema, na nikaondoka nimepumua. Jumapili alifumba macho madhabahuni, akatetemeka, akasema Bwana amemwonyesha binti wa humu ndani, akataja rangi ya gauni lako. Ukasimamishwa. Na mimi, karani, nikafungua kitabu cha kijani na kuandika kwamba yalikuwa maono.

Nililijua hilo nikiwa naandika. Nililijua ulipopanda basi na begi moja. Nililijua uliponiandikia barua yako ya kwanza: "Mungu mwenyewe alinitaja mbele ya watu, nitalalamika kwa nani?" Sentensi ile nimeisoma mara nyingi kuliko aya yoyote ya Biblia. Nikakujibu habari za mvua na goti la Mama.

Jana nilimwambia Mjomba yote haya kati ya viti. Hakukana. Alikaa akipangusa vumbi lisilokuwepo kwenye goti lake, kisha akasema jambo ambalo nakuandikia lilivyo, ulipime mwenyewe. "Nilitaka kuwaambia kwamba nimeambiwa na dada yake. Lakini niliposema nimeonyeshwa, waliniogopa. Sikuwahi kuogopwa maishani. Na nilipenda." Akalia, Kasuku. Mtu mzima, viatu vya kung'aa, analia kwenye kiti cha plastiki. Nilimpa leso yangu. Sijui kama nilikosea kumpa. Nimeona tu kwamba haya ya Mheshimiwa hayakuanzia hotelini. Yalianzia pale, kwako, na mimi nikiwa nimeshika kalamu.

Ameomba anwani yako. Sijampa. Hiyo ni yako kuitoa au kuikalia. Kwa kanisa atasimama kukiri Jumapili ijayo, hivyo ndivyo alivyoniahidi. Akisimama au akikwepa, nitakuandikia tarehe na maneno. Habari yako sikuitaja kwenye kipaza sauti. Haikustahili wao waisikie kabla yako.

Kabla sijaondoka nilifungua ukurasa wa 22 Julai wa mwaka ule, na pembeni nikaandika kwa wino mweusi: "Hili halikuwa ono. Alijua kwa sababu nilimwambia mimi, Ijumaa tarehe 20, saa kumi jioni." Nikatia sahihi. Mjomba akachukua kalamu, akatia yake chini. Mashahidi wawili, kama alivyoagiza mwenyewe zamani.

Mungu hakukutaja, Kasuku. Nilikutaja mimi. Ukitaka kulalamika, sasa unajua kwa nani, na anwani yake unayo.

Mama anakusalimu, asubuhi hii nimemsomea barua hii yote, kaniambia niongeze kwamba gauni lile la njano bado analo kabatini, amelifunga kwa nailoni, na binti yako akikua lipunguzwe limkae. Bibi wa Viti anasalimu, hajui bado alichofanya, anadhani amemwaibisha mchungaji na ameniomba nimwombee radhi. Mama Mkubwa naye yupo, kiuno kimemwachia. Msalimie sana shemeji, mwambie aendeshe lori polepole. Mbusu binti yako pale jino linapoota.

Mwenyezi awafunike mlalapo na mwamkapo, na mkono wako upone usiache alama.

Ni mimi dada yako, niliyekukosea nikikupenda, na ninayekupenda hata usiponijibu,

Kalenda.

Jumanne asubuhi, kabla ya kwenda posta. Mawingu, hakuna mvua. Jana, baada ya kuibandika bahasha, nilisema ninyooshe mgongo kidogo, na Mama akaja kunivua viatu. Imebidi niifungue tena ili niongeze mstari huu, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiniuliza kila asubuhi nilipata usingizi saa ngapi, enzi tulipolala kitanda kimoja. Nililala saa moja na nusu jioni.