Alama ya Mlimani

3 Februari

Baba, shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi sijambo, ila kazi imenikaa kooni.

Mkuu wa makumbusho amenikabidhi yule nondo uliyemnasa ulipokuwa mkusanyaji wao wa wadudu. Dunia nzima wamewahi kunaswa tisa tu, na wote nimewaweka chini ya hadubini. Mabawa membamba, safu za miiba midogo tumboni, ulimi mara mbili ya urefu wa mwili, umekunjwa vizuri kama mkanda dukani. Wanane walinaswa mabondeni, kwenye vinamasi. Wako peke yake ndiye wa mlimani. Ndiyo maana mlima wetu una alama kwenye ramani ya hifadhi, na ndiyo maana wachimba kokoto walizuiwa kuugusa.

Lakini lebo yake, kwa mwandiko wako, ina tarehe niliyozaliwa mimi. Marehemu Mama alinisimulia mara mia: siku ile ulishinda na kukesha mlangoni pa wodi ya wazazi, huku mjini, ukipigana na mbu wa kinamasi. Sasa mlimani ulikwenda saa ngapi? Ijumaa ya wiki ijayo natakiwa kuisaini ramani mpya.

Mwanao, Kitindamimba

9 Februari

Marahaba, mwanangu. Magoti yananung'unika, mwenyewe nipo.

Nilijua ipo siku mtu atazihesabu tarehe. Sikujua atakuwa wewe. Nilitumwa mlimani mwezi mzima, nikatoroka kuja kukupokea. Nondo akatua kwenye taa ya wodi, nikamtia kwenye kopo la dawa. Ningeandika mjini, ningefukuzwa kazi nikiwa na mtoto wa siku moja. Nikaandika mlimani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka thelathini na moja.

Leo mlima umesimama kwa uongo ule. Chini yake kuna nyumba kumi na saba, ya kwanza ni hii. Ukisahihisha, mashine zitarudi. Naogopa. Fanya utakavyoona, lakini ujue ninapolala.

Baba yako

16 Februari

Baba, shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi wiki nzima sikupata usingizi wa maana.

Nimesaini ramani pamoja na ripoti yake. Alama imebaki mlimani. Kile kinamasi nyuma ya hospitali, ambako pengine ndiko kwao nondo hasa, kinajazwa kifusi. Leo niliyaona malori, nikapita kama sijaona. Nina hasira nawe, na bado nakupenda. Habari za nondo usiniandikie tena.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu, hujambo? Majirani wote wazima, mgonjwa ni mimi, na si wa magoti. Ulinikataza, lakini sina pengine pa kusemea.

Wamekuja watafiti wanne walioisoma ripoti yako. Mlima hawaujui, wakaniomba niwaongoze. Hii ni wiki ya tano. Kila jioni napanda nao, wanatundika shuka jeupe, wanawasha taa, tunasubiri. Wananiita Mwalimu. Mkubwa wao hunibebea kiti mwenyewe, mpaka naona haya kukikalia. Juzi aliniuliza, "Mzee, siku ile alitua wapi hasa?" Nikanyoosha kidole kwenye jiwe. Sasa wanalipima lile jiwe.

Nimechoka kudanganya watoto wa watu. Jana nilifungua kinywa niseme yote. Ramani ilikuwa imetandazwa mbele yangu, na chini yake nikaona jina lako. Nikafunga.

Wameomba kukaa mwaka mzima. Wananisubiri nje, wacha nikavae viatu.

Baba yako