Benchi la Mahakama ya Meli Zilizotekwa

Jumatatu, 5 Mei 1783
Iandikwe, na majimbo yote kumi na matatu ya Amerika yajue: Mahakama ya Rufaa za Meli Zilizotekwa imepata benchi! Watu walikuwa wakidai haki wamesimama. Sasa watadai wameketi. Fundi Enoch Lathbury ameliunga humu humu ukumbini, kutwa nzima. Mbao za mwaloni, nzito kama dhambi. Chini yake kuna mikato saba. Ya nini? "Mbao kuukuu hizo, Bwana Bawabu. Makalio hayana macho."

Jumanne, 6 Mei
Kesi ya Bi Tamsin Pruett, mjane kutoka mji wa Chester. Mashua yake ilitekwa na watu wa upande wetu wenyewe — eti inawapelekea Waingereza unga. Mahakama ya jimbo ikawapa watekaji. Majaji wetu watatu wamesoma, wamepiga chafya, wamenong'onezana. Ameshinda! Arudishiwe mashua yake. Kanikumbatia mimi, bawabu! Jaji mmoja akajifanya anatafuta miwani.

Alhamisi, 8 Mei
Tatizo dogo: Kongresi iliyotuunda haikutupa askari hata mmoja. Amri zetu hutekelezwa na maofisa wa jimbo, wakipenda. Hawapendi. Bi Tamsin kawapelekea karatasi yake. Mkubwa wao kausifu muhuri, kairudisha karatasi. Kongresi ni jirani yetu, kasema, si baba yetu. Tena mashua ilishauzwa, ikapasuliwa mbao tangu majira ya baridi! Akacheka. Bibi hakucheka.

Ijumaa, 9 Mei
Bi Tamsin kaja kuaga. Kaniletea mkate wa mahindi, kaketi kwenye benchi. Mkono ukapapasa chini. Ukasita. Ukarudi.
"Marehemu mume wangu alikata mkato mmoja kwenye ubao wa mashua kwa kila mtoto tuliyemzaa," akasema. "Wako saba."
Nikapiga magoti, nikahesabu. Saba.
Akaangua kicheko hadi majaji wakatoka chumbani. Akawasomea hukumu yao wenyewe, neno kwa neno: arudishiwe!
Jaji mkuu kalitazama benchi, kawatazama wenzake. "Bawabu, shika upande huo. Hii amri tutaitekeleza wenyewe."
Basi majaji watatu, majoho wamekunja, na mimi. Mjane mbele, anaamuru kama nahodha.
"Kushoto, Mheshimiwa! Kushoto kwako, si kwangu! Hivi wewe hukuwahi kubeba hata kitanda?"
"Nilikuwa nasoma sheria, Bibi."
"Inaonekana!"
Tumejaribu kwa ubavu. Tumejaribu wima. Tumejaribu miguu juu.
Benchi halipiti mlangoni.