Programu Uliyoniomba

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo, mguu umepona. Ile simu ya kampuni yako uliyompa alikuwa anaitumia kama tochi, maana duka lako la programu lilikuwa tupu.

Barua yako nimeipata. Leo mimi ni “mdogo wangu kipenzi”! Uliponifukuza ofisini mbele ya watu, ulisema kazi yangu ni kupokea simu, si kuziundia programu. Sasa watengenezaji wa programu wamekukimbia, maji yamekufika shingoni, unaniomba programu hata moja.

Nimekutengenezea. Kwa njaa yako uliipitisha iingie dukani bila hata kuifungua, na watu wanaigombania. Inamhamishia mteja wako picha na namba zake zote kwenye simu mpya ya kampuni nyingine.

Wa kwanza kuitumia ni Mama.

Ni mimi mdogo wako,
mpokea simu