Majani Mekundu ya Dirishani

Bibi mpendwa, shikamoo kutoka huku ughaibuni, mjini Laurel,

Baridi imeanza. Jana nilitaka kupamba sebule ya Shangazi bila gharama, nikachuma kichakani majani mekundu kuliko yote, nikayatunga kwa uzi na kuyaning'iniza dirishani. Baraka, mwanawe mdogo, aliyachezea akicheka.

Leo vidole vyangu vimetoka malengelenge. Neema, dada yake Baraka, alipoviona alipiga kelele: "Wewe Zawadi! Umechuma yale yanayoota matatu matatu? Yana sumu! Mtoto ameyagusa?"

Tumemwosha kwa sabuni, lakini shavu lake limeanza kuwa jekundu. Naogopa hata kulitazama. Gari la Shangazi limeingia sasa hivi. Nataka asikie kwangu kwanza, kabla hajambeba.

Utuombee, Bibi, na ujifunike vizuri.

Mjukuu wako,
Zawadi