Kilio cha Kwenye Tamthilia

Mkwe wangu,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Nitakuita mkwe mpaka nife. Talaka mliandikiana ninyi, mimi sikutia sahihi. Mguu wangu ulioniulizia umepona, na paa halivuji tena.

Magazeti yanasema mwanangu amekusahau, na redioni anaimba hivyohivyo. Mbona basi kila jioni ya tamthilia yako anakuja kwangu, eti kufuata chai? Jana ulipolia kwenye kipindi, mimi nilifuta machozi. Yeye akatikisa kichwa.

"Halii hivyo, mama. Akilia kweli hugeukia ukutani, hatoi sauti."

Nikamuuliza, "Kumbe ulikuwa unamwona?"

Chai ikapoa mbele yake.

Sikuombi urudi. Ila ujue, siku zile ulipodhani amelala, alikuwa macho.

Ni mimi, mama mkwe wako.