Uzio wa Mlango wa Hori

Mdogo wangu mpenzi,

Barua hii ikukute umekaa kitako, miguu haina uvimbe, na macho yako bado yanaweza kuufuata mwandiko wangu, ambao siku hizi unakwenda upande kama kaa. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mzee: goti linalalamika, masikio yanachagua ya kusikia. Bado naishi chumba kile kile cha ghorofa ya tatu. Jirani wa chini alihama mwezi uliopita, na tangu hapo anayenisalimu ni muuza dawa, naye hunisalimu ili ajue kama nimemeza vidonge. Napika chakula cha watu wawili kwa mazoea, kisha kesho yake nakula fungu la yule ambaye hakuja.

Barua yako imenifikia. Nilifurahi kusoma kwamba mjukuu wetu amepata mchumba, nikaishiwa furaha niliposoma ulivyomjibu. Unasema binti hana kasoro, ni muuguzi, ana adabu, lakini ni mjukuu wa Bwana Kanuni, na damu ya mtu aliyeliua hori letu, mkono ule wa bahari uliotulea sote, haitaingia nyumbani kwako ungali hai. Kijana amekuambia kwamba yeye anaoa msichana, haoi bandari, na tangu siku hiyo hakanyagi kwako. Wataka mimi, mkubwa wa ukoo, niandike kukuunga mkono kabla ya mwisho wa mwezi. Naandika, ila si hilo.

Nianze na unayoyajua. Miaka thelathini na moja iliyopita, meli ilipopanda mwamba na kumwaga mafuta, nchi yetu nzima ilikuwa na uzio mmoja tu wa kuelea wa kuzuia mafuta, ule wa rangi ya chungwa. Mimi nilikuwa mtunza ghala wa bandari, Bwana Kanuni mkuu wangu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hata kupiga chafya alitaka ujaze fomu. Meli za msaada zilikuwa mbali, mwendo wa siku nne. Ndivyo visiwa vidogo vilivyo: meli za wakubwa zinapita mlangoni mwako, lakini wa kukusaidia kufuta sakafu yuko ng'ambo. Uzio ukawekwa mbele ya mtambo unaogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Hori likabaki wazi. Mafuta mazito yakaingia yakaivika mikoko mpaka kiunoni, na wewe na wenzako mkayachota kwa ndoo na makoleo majuma sita, mikono ikibambuka ngozi.

Kwenye mkutano wa uwanjani Bwana Kanuni alisema kwamba uzio haukutosha sehemu mbili, kwamba alichagua maji, na kwamba lawama ni yake peke yake. Ulikuwa mstari wa mbele. Ukamwuliza kama hayo maji yalimtolea chai nzuri. Watu wakaangua kicheko, naye akainamisha kichwa. Alifukuzwa kazi mwaka huo huo. Alipokufa, uliniandikia kwa fahari kwamba mlifunga madirisha jeneza lake likipita.

Mdogo wangu, uzio ulitosha. Zilinunuliwa mita mia tano: mia tatu za mtambo, mia mbili za mlango wa hori. Mpango aliouandika yeye ulisema hivyo, na daftari langu lilisema hivyo. Lakini zile mia mbili nilikupa wewe. Yale maboya uliyozungushia shamba lako la mwani hayakuwa chakavu, kama nilivyokudanganya. Ulikuwa ukilalamika kwamba mawimbi yanang'oa kamba zako, nami nilitaka jirani zako waone kaka yako ni mtu wa maana. Kila mwaka, kwenye zoezi la kuzuia mafuta, tulitandaza kipande kile kile cha mbele, wageni wakapiga makofi, basi. Nani angeingia ghalani kupima? Dhoruba ilipoyabeba, miezi mitatu kabla ya meli, ulicheka ukasema cha bure hakidumu. Mimi niliandika daftarini: yapo, hali nzuri.

Asubuhi ile Bwana Kanuni alifungua ghala akakuta mahali patupu. Nikamweleza. Hakunipigia kelele. Aliuliza jambo moja tu, kama nilikuambia kuwa ni mali ya serikali. Nikasema hapana. Akasema basi dada yako hana kosa, na watu wakijua watamrarua. Kisha akaniambia nifunge mlango, twende mtamboni.

Kwa hiyo uwanjani pale alikuwa anakusitiri wewe, mdogo wangu, huku ukimcheka. Mimi nilisimama nyuma yake nikaangalia viatu vyangu. Baada ya miezi miwili nikaondoka, na tangu hapo nimekula mkate wangu kwa kuwafundisha maofisa wa visiwa vya wengine jinsi ya kujiandaa na mafuta. Somo la kwanza huwaambia wasiamini daftari, waingie ghalani wenyewe. Huniona mzee mcheshi.

Jana nilimpelekea mjane wake barua yenye maneno haya haya, nikaitia posta kwanza ili nisipate pa kurudi nyuma. Wewe sikukutaja. Nimesema nilimpa mtu asiyejua. Ukitaka ajue ni nani, utamwambia mwenyewe.

Kama ni lazima mlango wako ufungwe kwa mtu, nifungie mimi. Mfungulie yule binti.

Wasalimie watoto, na kijana akirudi mwambie babu yake amemsikia. Jibu lako nitalingoja. Na lisipokuja, nitajua umesoma mpaka mwisho.

Ni mimi kaka yako,
mtunza ghala.