Baba Anamlaumu Mfamasia Asiye na Kosa

Mshauri mpendwa, nisaidie. Mimi ni binti pekee wa seremala, mama alishatutoka, na kwa miezi mingi baba alikuwa akinituma dawa ya kiungulia duka la dawa la karibu na kwetu, hadi siku moja mfamasia akaniuliza, "Mbona hii ni chupa ya nne mwezi huu? Mzee anameza vizuri?" nami nikamjibu kwamba uji unapita ila nyama inakwama, na amekonda hadi mkanda ameutoboa tundu jipya kwa msumari, basi akakataa kuniuzia, akaandika barua ya hospitali, akasema, "Dada, mpeleke kesho, usingoje."

Nilipandwa na hasira, nikamwambia auze dawa, udaktari awaachie wenyewe. Barua nikaitupia kwenye droo, baba sikumwambia kitu, nikahamia duka jingine ambako hawaulizi maswali. Miezi mitatu baadaye maji yenyewe yakamshinda. Ni saratani ya koo la chakula, imeshasambaa, tunamuuguza nyumbani. Sasa kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa, "Yule mfamasia kaniua. Kaniuzia dawa miezi yote hiyo, hata neno hakusema." Majirani wameanza kumkwepa yule dada wa duka la dawa. Mimi nakusanya vikombe vya wageni tu. Nikisema ukweli, si nitamvunja moyo baba akiwa kitandani?

Binti wa Seremala

Pole, mwanangu. Nimelia, kisha nimekasirika. Mtu amefanya kazi yake sawasawa, ukamjibu jeuri, na sasa unamwacha achafuliwe jina nyumbani kwako huku umeshika vikombe! Ugonjwa hukuuleta wewe. Kama miezi ile mitatu ingebadilisha kitu, waulize madaktari wake, usijihukumu kwa kubahatisha. Lakini uongo huu ni wako.

Leo, maumivu yakitulia, kaa naye peke yenu, umwambie: "Baba, mfamasia alisema. Mimi ndiye niliyenyamaza." Usitangulize machozi ili akuonee huruma. Kisha nenda dukani ukaombe radhi, na wageni wakija, waeleze kwa mdomo wako.

Atakasirika, na ana haki. Mwache akugombeze angali na sauti. Ukingoja hadi afumbe macho, utasamehewa na nani?